Mume Wangu Hana Dini

Wivu wangu haukuwa na mwanamke ndani yake. Ningekuwa na mwanamke wa kumtaja ningepumzika, maana mwanamke ana nyumba, ana njia anayopita kwenda sokoni, na ukitaka unamsubiri hapo njiani mkamalizana. Jirani zangu pale Mbeya, kwenye nyumba za serikali tulizopangiwa, walikuwa nao hao wa kuwasubiri njiani. Mimi mume wangu alirudi nyumbani mapema, hakunywa, alinibebea ndoo ya maji mbele za watu bila kuona haya, na bado moyo uliniuma kila Jumapili. Nilikuwa naonea wivu kutoamini kwake Mungu. Nilikiona kitu kile kama mke mwenzangu, aliyetangulia kuingia nyumbani na mwenye chumba chake ambacho mimi sikuruhusiwa kufagia.

Tulikutana miaka ya sabini ilipoanza. Yeye alikuwa bwana mifugo, kijana wa Igowole huko Mufindi, na mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi yao, binti wa mwinjilisti kutoka upande wa Tukuyu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bonde la Usangu akichanja na kuogesha ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wamehamia kutoka kaskazini. Alirudi ananuka dawa ya josho hadi kwenye nywele. Nilimpenda kwa sababu hakujua kudanganya hata kwenye mambo madogo. Ukimuuliza kama gauni limekukaa vizuri, anafikiri kwanza, na jibu lake unaweza usilipende.

Kuamini alikuwa ameacha akiwa chuoni, polepole, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Siku moja akajikuta haihitaji, na alipowekewa tena ikamchefua. Aliniambia haya yote kabla hajaleta posa, nami nikacheka. Nilidhani ni maneno ya vijana waliosoma, yatamtoka akishakuwa na mke na mtoto. Baba yangu hakucheka. Baba alikuwa mtu wa kurudi Jumapili kutoka vijijini, miguu ina vumbi, na kabla hajavua kofia anapiga paja, pa, anasema, "Leo amekuja mmoja," au, "Leo wamekuja wawili." Hapo tulijua kuna aliyempokea Yesu, na chakula cha siku hiyo kitaliwa kwa furaha. Mkwe asiyehesabika hakumwelewa kabisa.

Mume wangu alikataa ndoa ya kanisani, tukafunga bomani. Ilikuwa ofisi ya kawaida, picha ya Rais ukutani, karani anakohoa, dakika chache tukawa nje tumeshaoana. Na kanisa letu halikuchelewa, nikatengwa.

Kutengwa si kufukuzwa. Unakuja ibadani, unaimba, unatoa sadaka, ukitaka kufagia unafagia. Kinachozuiwa ni Meza ya Bwana peke yake. Siku ya chakula kitakatifu wenzako wanainuka mstari kwa mstari kwenda mbele, wewe unabaki benchi la nyuma pamoja na wengine wenye mambo yao. Na kwa kuwa umekaa tu, wanawake wanakukabidhi watoto. Hakuna aliyenipangia kazi hiyo, ilianza yenyewe. Mama mmoja alinitupia wake mapajani akiwahi mstari, mara iliyofuata akaja na mwenzake, mwishowe nikajulikana. Nilikaa pale na watoto wa watu, wananinyonya kidole, nikiwatazama mama zao wakirudi kutoka mbele wameinamisha vichwa, midomo ina unyevu, wametulia kama watu walioshiba. Ladha ile niliijua tangu kipaimara. Niliwarudishia watoto wao nikitabasamu, na moyoni niliwachukia mmoja mmoja. Hata binti yetu mwenyewe alibatizwa mikononi mwa mama yangu, mimi nikiwa nyuma nimeshika mtoto wa mtu mwingine.

Saa zile zile, mume wangu naye alikuwa kanisani kwake, yaani sebuleni kwetu. Walikuwa watatu. Wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari, na wa tatu kijana wa duka la vitambaa, mzaliwa wa Mbeya wa ukoo wa watu wa pwani, aliyekuwa ameacha kuswali ila pilau ya Idi hajaiacha. Walifika kengele ya kanisa ikilia. Kila mmoja alikuwa na kiti chake. Mwalimu alisoma kitu kutoka kwenye kitabu kilichochanika jalada, na wenzake wakasema "kweli kabisa" pale ambapo sisi tungesema amina. Kila Jumapili walikubaliana upya kwamba Mungu hayupo, kana kwamba wiki nzima imepita na huenda amejitokeza. Niliporudi kutoka ibadani nilimkuta mume wangu amesogea ukingoni mwa kiti, uso unang'aa, anaongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Nikiingia, sauti ilishuka. Aliniuliza kama nimechoka.

Na alikuwa na mfungo wake. Kiswahili chetu kimejaa Mungu hadi pembeni. Huagani na mtu bila Mungu akipenda, hushibi bila kumshukuru, na hata anayekudanganya anaapa haki ya Mungu. Mume wangu aliyaacha maneno hayo yote. Aliagana na watu kwa "tutaonana tukiwa hai," wakamtazama vibaya. Alisema "nashukuru" asiseme anamshukuru nani. Siku moja alijigonga nyundo kidoleni akitengeneza banda la kuku, mdomo ukafunguka, neno likamjia kabisa, nikaliona linakuja, akalimeza. Sijaona mtu wa Ramadhani anayejizuia hivyo mbele ya maji.

Jumapili moja nikiwapelekea chai nilishindwa kuvumilia. "Hii dini yenu inaitwaje?" nikauliza.

Kijana wa dukani akacheka. "Shemeji, sisi hatuna dini. Ndiyo maana tuko hapa."

Mwalimu akaweka kikombe chini, akanieleza kwa ule upole wa walimu unaokufanya ujione mdogo. "Chukua mtu asiyelima, shemeji. Utasema kilimo chake ni kutolima?"

"Sisemi hivyo, mwalimu. Lakini jirani yangu asiyelima Jumapili analala. Haamki akapiga pasi shati, akakutana na wenzake wasiolima, wakaongelea jembe mpaka saa saba mchana."

Wakaangua kicheko. Mume wangu alicheka kuliko wote, akapiga meza, akasema, "Amewapata!" Lakini alivyokuwa anacheka alikuwa anawatazama wao. Nikarudi jikoni na sinia langu.

Njia ya kunirudisha mezani ilikuwepo, na ilikuwa fupi. Waliofunga bomani wanaweza kwenda kubariki ndoa, hata siku ya kazi, kanisa tupu, mashahidi wawili, mnaulizwa, mnawekewa mikono, basi. Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema. Aliniambia, "Mlete, dada. Sitamhubiria. Nitamuuliza kama anakupokea mbele za Mungu, aseme ndiyo, mwende nyumbani." Nilirudi nyumbani karibu kukimbia. Mume wangu alikuwa uani anasafisha sindano za ng'ombe.

"Ni neno moja tu, baba watoto," nikamwambia baada ya kumweleza yote.

Akaziweka sindano chini. "Mama, mchungaji asingemweka Mungu pale ningelisema hata mbele ya soko zima."

"Si unasema hayupo? Basi kwako ni maneno matupu. Yaseme hivyo hivyo matupu."

"Na wewe utakwenda kula nini kwenye meza iliyoandaliwa kwa maneno matupu?"

"Hiyo niachie mimi."

"Siwezi kusimama mbele ya watu wanaoamini nikawadanganya. Nisamehe."

Machozi yalikuwa yamemlenga. Alisema nisamehe mara nyingine, akashika sindano zake, na hakubadilika. Hapo ndipo hoja yangu ilipokomaa, na mpaka leo sijaiacha. Nimesikia watu wakibishana kama kutoamini Mungu nako ni dini, wanatafuta kama kuna kitabu, kama kuna sala, kama kuna nyumba ya kukutania. Mimi naangalia mtu anakunyima nini kwa ajili ya kitu hicho. Babu yangu mzaa baba alipotaka kubatizwa aliambiwa amwache mke mdogo, akamwacha, na wanasema alilia kwa sauti akimsindikiza barabarani. Mume wangu alininyima Meza na machozi yakimtoka. Kati ya wanaume hao wawili sikuona tofauti. Tofauti niliyoiona ni kwamba babu alikuwa na mtu wa kumlaumu huko juu, na mimi nilikuwa nimeachwa kwa ajili ya mahali patupu.

Tukaendelea kuishi. Tulicheka, tulilea, tulipanda maharage nyuma ya nyumba, na kitu kile kikakaa katikati yetu. Kisha baba mkwe akafariki huko Igowole, akazikwa na mchungaji wa kwao, na mwaka uliofuata ukoo ukatuita kwa tambiko la kaburini.

Kulikuwa na shida. Mwenye kumwaga pombe kaburini na kusema na marehemu lazima awe mtoto wake wa kiume. Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, akasema hawezi. Aliyemfuata alikuwa mlokole wa kweli kweli, yeye hata uani hakutaka kuingia, akakaa barabarani anaimba peke yake. Akabaki mume wangu, na hapo ndipo neno lake lilipomgeukia.

Kwake na wenzake wa sebuleni, kusema "sina dini" ni kusema mbinguni hakuna mtu. Kwa wazee wa Igowole, dini ni ile iliyokuja na vitabu, ya kanisa na ya msikiti. Asiye na dini ni mtu aliyebaki na mambo ya nyumbani. Sasa baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa amesikia kwa watu kwamba yule kijana wa Mbeya hana dini. Alitupokea getini amejifunga mgolole wake mweusi begani, akamkumbatia mume wangu mpaka kofia ikaanguka.

"Kamwene, kamwene!" akatusalimia kwa Kihehe. "Hii kijana ya kwetu imerudi," akawaambia watu. "Hii haina dini!"

Wazee wakapiga makofi. Mume wangu akajaribu kueleza. "Baba mdogo, sina dini yoyote. Hata hii."

"Ndiyo, ndiyo. Wewe ya kwetu."

"Siamini kwamba marehemu anasikia."

Mzee akamshangaa. "Nani imekuuliza mambo ya kuamini? Jembe unaiamini? Si unashika, unalima? Shika kibuyu."

Nilisimama pembeni na wanawake, kanga imenizunguka mara mbili kwa ile baridi ya Mufindi, ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai. Nakiri nilikuwa na furaha. Nilijua atakataa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa nimenyimwa neno moja, itakuwa hawa wanaotaka aongee na shimo? Nilitaka wamwone. Nilitaka baba mdogo aonje kidogo kile nilichokuwa nakula mimi kila siku ya chakula kitakatifu.

Mume wangu akashika kibuyu.

Akapiga magoti. Akamwaga kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, pombe ikanywewa na udongo, akaanza kusema Kihehe kwa sauti ya chini. Sauti ikakatika, akaanza tena. Kisha akageuka akanielekeza mkono, na watu wote wakanitazama. Sikuelewa neno hata moja. Nikamvuta wifi yangu kanga nikamuuliza anasema nini.

"Anakutambulisha kwa baba," wifi akaninong'oneza. "Anasema, huyu ndiyo mke wangu, baba, nimemleta umwone. Na ninyi mliotangulia, kama mkimjia ndotoni, mjieni kwa upole."

Niliona giza. Kuna wivu wa mwanamke, kuna wivu wa rafiki, na mimi siku hiyo nilionea wivu kaburi. Mchungaji aliye hai aliomba neno moja, akanyimwa. Mtu aliyelala chini ya udongo, asiyesikia wala kujibu, alipelekewa mimi na kuombwa awe mpole kwangu. Wanawake wa pale walinishika mikono wakidhani nalia msiba.

Kesho yake tulisubiri basi barabara kuu, mtoto amelala mgongoni kwangu. Sikuweza kungoja tufike.

"Umesema na marehemu," nikamwambia.

"Nimesema."

"Amesikia?"

"Hajasikia, mama. Amekufa."

"Basi umesimama mbele ya watu wanaoamini ukawadanganya. Mimi ulinikatalia hilo hilo."

Lori la magogo likapita, vumbi likatua. "Hawakuniuliza," akasema. "Baba mdogo aliniambia mwaga, nikamwaga. Aliniambia mtambulishe mkeo, nikakutambulisha, na yale niliyosema juu yako ni kweli. Hakuna aliyeniuliza kama naamini. Mchungaji wako ataniuliza."

Basi lilipotokea nilikaza kanga ya mtoto mgongoni. Nilipanda basi nikampa mgongo mpaka Mbeya. Njiani nilikuwa nawaza kwamba hata huko kuamini kwenyewe, ambako mimi nilikuwa nako tele na yeye hana, yeye ndiye aliyekuwa anakuheshimu zaidi. Hilo nalo nikalionea wivu.

Baba yangu alikuwa anazeeka. Alikuja Mbeya kwetu kupumzika, akaona jinsi ninavyokaa benchi la nyuma na watoto wa watu, na ile Jumapili hakula. Akaenda kuzungumza na wazee wa kanisa kama mtumishi mwenzao. Wakakubaliana nirudi kundini peke yangu, bila mume. Nitasimama mbele pamoja na wengine wanaorudi, nitaulizwa kama natubu kwa ndoa niliyoifunga, nitasema ndiyo, na chakula kitakatifu nitakula siku hiyo hiyo. "Nataka nikuone mezani kabla sijafumba macho," baba akaniambia.

Mume wangu hakunipinga. Asubuhi ile alinipigia pasi kilemba cheupe kwa mkono wake, pembe kwa pembe, akaniambia, "Nenda, mama. Chakula kile ni chako, ukichukue." Akabaki na mtoto. Nilikwenda mbio, na njia nzima nilikuwa najisemea ile ndiyo ili isinikwame.

Tulisimama mbele safu moja. Mkate ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe, kikombe pembeni yake, karibu kiasi kwamba harufu ya divai ilinifikia. Mate yalinijaa mdomoni, nasema kweli. Baba alikuwa benchi la mbele, kofia magotini. Mwanamke wa kwanza akaulizwa, akasema ndiyo haraka kama mtu anayeitikia hodi. Wa pili vile vile. Mchungaji akanifikia.

"Je, unatubu ya kuwa uliolewa na mume uliye naye, na unakiri mbele za Mungu kuwa ilikuwa dhambi?"

Neno moja. Nikafungua mdomo. Nikamwona yule mtu anafikiri kwanza kabla ya kusema kama gauni limenikaa, nikamwona amepiga magoti, mkono umenielekea, anaomba watu asiowaamini wanijie kwa upole. Mungu ninayemwamini alikuwa pale mbele yangu chini ya kitambaa cheupe, na kwa sababu namwamini, nilijua atanisikia. Mchungaji akarudia swali polepole, kwa wema, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa dawa.

"Mchungaji, naomba nikae," nikasema.

Sikukaa. Nilipita katikati ya benchi nikatoka mlangoni. Baba hakugeuka.

Nyumbani wale wawili walikuwa bado hawajaondoka, nikawasikia ndani. Mume wangu aliniona dirishani, akatoka na mtoto mkononi.

"Umekula?" akauliza.

"Sikula."

"Wamekukatalia?"

"Hapana. Wameniuliza."

Alielewa palepale. Nilitegemea atanionea huruma, anivue kilemba, aniweke nikae. Badala yake uso ulimng'aa, ule uso wa Jumapili niliouonea wivu miaka yote ile, na safari hii ulikuwa umenielekea mimi. Nilikuwa nimeutaka uso ule kuliko nguo. Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia, bila kujua anafanya nini, akapiga paja. Pa.

"Usinihesabu," nikamwambia.

Mkono wake ukabaki pale pajani.

"Kule nimeshindwa kuingia. Kwako sijaingia."

Jumapili iliyofuata wenzake walikuja kengele ilipolia. Niliwaachia chai mezani nikaenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Ilipofika saa ya chakula kitakatifu, wanawake waliinuka kwenda mbele, wakaniletea watoto wao.